Moshi wa Jirani



Mimi ni mtu wa Njombe. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapozungumza juu ya baridi ya Sweden hukumbuka jinsi nilivyojisifu kabla ya kuondoka nyumbani. Jamaa zangu wa Dar es Salaam walinionea huruma, wakaniambia nitaganda; mimi nikawacheka. Mtu aliyelelewa Njombe, anayezijua asubuhi za Juni na Julai, umande unapogeuka barafu juu ya majani na viazi vikaungua mashambani, huyo aogope baridi ya nani? Nikafunga masweta mawili na koti moja zito la mtumba, nikapanda ndege. Ilikuwa mwezi Oktoba 2021.

Leo nataka kuwasimulia jinsi watu wanavyoishi na majira ya baridi huku vijijini, maana mengi mnayoyasikia ni ya mijini, ya Stockholm na Göteborg, ambako mtu hushuka kwenye treni akaingia dukani na kutoka dukani akaingia nyumbani. Nataka pia kuwaeleza kosa nililolifanya asubuhi moja ya Februari 2025. Lilikuwa kosa la kuwa na adabu. Nitalifikia.

Tunakaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Lycksele, mkoa wa Västerbotten, kaskazini mwa nchi. Mke wangu ni muuguzi. Yeye ndiye aliyepata kazi, mimi nikamfuata, na wala sioni haya kulisema. Baadaye nami nikaajiriwa katika kiwanda cha kupasua mbao, kazi niliyoizoea tangu nyumbani. Wilaya nzima ina watu wapatao 12,000 tu, na eneo lake lapita kilomita za mraba 5,500. Kwingine kote ni misonobari, maziwa na vinamasi. Kijiji chetu kina nyumba 14, na katika hizo 5 hufunguliwa wakati wa kiangazi peke yake. Ukisimama barabarani mwezi Januari unaweza kungoja muda mrefu kabla hujaona mtu apitaye kwa miguu.

Kilichonishinda kwanza hakikuwa baridi bali giza. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa 4 ya asubuhi na kuzama kabla ya saa 8 mchana, na hata hizo saa chache halipandi. Hutambaa juu ya ncha za miti kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba saa yetu sisi Waswahili imetengenezwa kwa jua la nyumbani. Tunaposema saa moja asubuhi maana yake ni saa ya kwanza ya mwanga. Huku saa moja asubuhi ni usiku wa manane. Mwanangu wa mwisho, ambaye Kiswahili tunamfundisha sisi wenyewe, aliniuliza kwa nini tunasema asubuhi na nyota zinaonekana. Sikuwa na jibu. Mwezi Juni mambo hugeuka, usiku ukakosa giza kabisa, na watoto wakakataa kulala. Lakini Juni iko mbali mtu akiwa Desemba.

Wenyeji wana dawa yao ya giza. Tangu Jumapili ya kwanza ya majilio, nyumba zote, hata zile ambazo hawana habari na kanisa, huweka dirishani taa ya mishumaa saba ya umeme au nyota ya karatasi yenye balbu ndani. Tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia. Watoto huvaa kanzu nyeupe, mmoja huvaa taji la mishumaa kichwani, wakaimba asubuhi na mapema kukiwa bado giza, kisha watu hula mikate midogo ya zafarani. Mimi niliona ni mchezo wa watoto. Mwaka wa pili nilijikuta nimekwenda dukani mwenyewe kununua nyota ya dirishani, na ya kwetu ikawa kubwa kuliko zote kijijini. Mke wangu aliona haya kidogo.

Sasa baridi yenyewe. Watu wa hali ya hewa wa Sweden hawahesabu majira kwa kalenda. Husema majira ya baridi yameanza pale ambapo wastani wa joto la siku umekuwa sifuri au chini yake kwa siku 5 mfululizo. Kwa hiyo huku kwetu yaweza kuanza Oktoba, na kule kusini, Skåne, mwaka mwingine yasifike kabisa. Baridi kali kupita zote inayotambuliwa rasmi ni nyuzi 52.6 chini ya sifuri, iliyopimwa Vuoggatjålme tarehe 2 Februari 1966. Mwanzoni mwa Januari 2024, sisi tukiwapo, kituo kimoja karibu na Kvikkjokk kilipima nyuzi 43.6 chini ya sifuri. Katika juma lilo hilo, huko kusini ambako hawana mazoea na theluji nyingi, magari yapatayo 1,000 yalikwama katika barabara ya E22 na baadhi ya watu wakalala humo. Wazee wa kijijini kwetu walitazama habari hizo kwenye televisheni wakatikisa vichwa, na nafikiri walifurahi kidogo.

Mtanisamehe nikisema kwamba nyuzi 10 chini ya sifuri ni siku nzuri. Theluji imekauka, anga ni safi, mtu anafanya kazi nje na kutoa jasho. Zikifika 25, vinyweleo vya ndani ya pua huganda unapovuta pumzi, theluji hulia chini ya viatu kama wanga uliokauka, na kitasa cha chuma ukikishika kwa mkono mtupu hukushika nacho. Masweta yangu mawili yaligeuka mzaha. Niliambiwa kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Huo ni msemo wao, na wanautumia mno, hata pale ambapo hali ya hewa ni mbaya kweli. Lakini wana hoja. Siri si koti. Siri ni fulana na suruali za ndani za sufu, zinazoshika mwili na kubaki na joto hata zikiingia unyevu. Pamba ikishika jasho hukaa na maji yake, na maji hayo yakipoa ndiyo yatakayokuumiza. Kwa hiyo kijana unayetaka kuja huku, usipoteze fedha zako kununua jaketi la kuonekana kwa watu. Nunua lile vazi ambalo hakuna atakayeliona.

Gari nalo lina mambo yake. Sheria inadai tairi za majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na theluji au barafu, na huku kaskazini wengi hutumia zile zenye misumari midogo ya kung'ata barafu. Usiku gari huchomekwa kwenye umeme kama simu, ili hita iliyofungwa kwenye injini iipashe moto kabla ya safari. Kando ya barabara husimamishwa fito ndefu mapema kabla ya theluji, ili dereva wa lori la kusukuma theluji ajue barabara inaishia wapi, maana mwezi Februari barabara, mtaro na shamba ni kitu kimoja cheupe. Lori hilo hupita usiku. Barabara kuu ni ya serikali, lakini njia ya kuingilia kwako ni yako wewe na beleshi lako, na lori likipita hukuachia ukuta wa theluji ngumu mlangoni pako. Usipousafisha, na usipolifukua sanduku lako la barua, tarishi ana haki ya kupita zake.

Hata hivyo, jambo lililonivuta kuliko yote ni kuni. Ndiyo, ndugu msikilizaji, nimevuka bahari nikakutana tena na kuni. Nyumba yetu ina umeme wa kupasha joto, lakini umeme huo ni ghali na laini huanguka miti inapoelemewa na theluji, hivyo kila nyumba ya kijijini ina jiko la chuma na banda la kuni. Kuni zinazopendwa ni za mti wa gome jeupe uitwao björk. Huwezi kuukata leo ukauchoma kesho. Mti mbichi umejaa maji. Ukiutia jikoni, moto hutumia nguvu zake kuyakausha kwanza, moshi ukawa mwingi na joto dogo, na utomvu hugandamana ndani ya bomba la moshi mpaka siku moja bomba lenyewe linawaka. Kwa sababu hiyo usafishaji wa mabomba ya moshi ni jambo la sheria, si la hiari. Mti hukatwa majira ya baridi, ukapasuliwa kabla ya kiangazi, ukapangwa nje upigwe na jua na upepo, na kuingizwa bandani kabla ya mvua za vuli. Ndiyo kusema kuni za kukuokoa Januari ni lazima uzifikirie Machi ya mwaka uliopita.

Mimi sikuwa na Machi ya mwaka uliopita. Nilikuja Oktoba. Nikanunua kuni kwa mtu mmoja aliyeniapia kwamba ni kavu, na mimi, mtu wa mbao, mzaliwa wa Njombe, nikauziwa kuni mbichi mchana kweupe. Zilikuwa zimekaa chini ya theluji na giza lilikuwa limekwisha ingia. Huo ndio utetezi wangu. Juma zima nyumba yetu ilitoa moshi mzito kama tanuri la matofali.

Ng'ambo ya barabara anakaa mzee mmoja, wakati ule akiwa na miaka 77, mjane, aliyefanya kazi ya kukata miti tangu ujana wake. Tulikuwa tumesalimiana mara mbili, kwa kichwa. Hakuja kuniuliza kitu. Jioni moja niliporudi kutoka kwenye kozi ya Kiswidi nilikuta mbele ya banda letu rundo la kuni kavu limepangwa vizuri na kufunikwa turubai. Nikaenda kwake kulipa. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema kwamba aliuona moshi wangu, na kwamba nitamrudishia kuni nitakapokuwa nazo za kurudisha. Akafunga mlango. Sikualikwa ndani, na nilirudi nyumbani sijui kama nimesaidiwa au nimefukuzwa.

Tangu siku hiyo nami nikajifunza kusoma moshi. Wa kwake ulianza kuonekana kila siku saa moja asubuhi. Mwanzo ulikuwa wa kijivu, kwa sababu ya gome la kuwashia, halafu ukawa mwembamba usioonekana, isipokuwa hewa ilitetemeka juu ya bomba. Ungeweza kupangia saa yako.

Nimetaja kozi ya Kiswidi. Wahamiaji hufundishwa lugha bure, na nchi hii ina mila ya zamani ya kuelimisha watu wazima. Vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, vilifuata mfano wa vyuo vyao. Lugha niliipata polepole. Ila adabu za nchi hakuna darasa lake, mtu huzipata kwa wenzake. Kazini niliambiwa na wengi, tena kwa nia njema: hapa huendi kwa mtu bila taarifa. Unapiga simu kwanza. Asipoitika, basi hataki, au ana shughuli zake, usimsumbue. Nikaishika kanuni hiyo kwa nguvu zote, kama mgeni anavyozishika sheria za nyumba ya watu. Nilijivunia hata. Wageni wenzangu walipokosea, mimi ndiye niliyewarekebisha.

Basi asubuhi ile ya Februari nilikuwa nyumbani peke yangu. Zamu yangu ilikuwa ya jioni. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri. Saa 2, kumekwisha pambazuka, nilisimama dirishani na chai yangu nikaona kwamba bomba la mzee halitoi moshi. Nikafikiri amechelewa kuamka. Nikafikiri labda amekwenda kwa binti yake, huko Umeå pwani. Lakini gari lake lilikuwapo uani. Saa 2 na nusu nikapiga simu. Ililia mpaka ikakatika. Nikaiweka chini, nikajiambia: hataki, au yuko bafuni. Nikaosha vyombo. Nakumbuka niliosha hata vile visivyokuwa vichafu.

Kwetu Njombe, ndugu msikilizaji, jambo hili lisingefika saa 2. Mtoto angetumwa. Mtu angepita na jembe begani akapiga hodi, asipoitikiwa angezunguka nyuma ya nyumba, na asipoona mtu angeita majirani. Hodi yetu haiombi ruhusa ya kujua kama mwenzako yu hai. Haya yote niliyajua, yalikuwa ndani yangu, na mwili wangu ulitaka kwenda. Niliuzuia kwa saa nzima na nusu, kwa sababu nilitaka kuwa Mswidi mwema.

Saa 3 na nusu nikavaa buti. Usiku theluji kidogo ilikuwa imeanguka, na theluji mpya haifichi kitu. Kutoka mlangoni pake hadi banda la kuni kulikuwa na nyayo za kwenda. Za kurudi hazikuwapo. Kulikuwa na mfereji, kama mtu aliyeburuta gunia, ukitoka bandani hadi kwenye ngazi.

Alikuwa kwenye kile chumba kidogo cha mlangoni kisicho na moto, ambamo huku watu huacha viatu na makoti ya kazi. Aliteleza bandani akavunjika nyonga, akajiburuta, akapanda ngazi tatu kwa viwiko, akafunga mlango wa nje kuuzuia upepo, na hapo nguvu zikamwishia. Alikuwa amejifunika zulia la kufutia miguu na makoti yaliyokuwa yakining'inia. Glavu ya mkono wa kushoto ilibaki bandani. Uso wake ulikuwa wa rangi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu anayezungumza, na alizungumza, taratibu, ulimi mzito kama wa mlevi. Alisema: "Nilisikia simu. Nikajua ni wewe. Nikangoja."

Nikapiga 112. Wakanielekeza kila hatua: nisimsugue mikono, nisimpe pombe, nisimsimamishe, nimwondolee nguo zenye maji, nimfunike mwili na kichwa, nikae naye nikizungumza. Gari la wagonjwa lilikuwa na kilomita 35 za kuja juu ya barafu, nalo lilifanya haraka. Katika kungoja niliwasha jiko lake kwa kuni zangu nilizokimbia kuzichukua, kwa sababu zake zilikuwa zimetawanyika pale alipoanguka. Nilizungumza naye Kiswidi mpaka maneno yakaniishia, nikaendelea kwa Kiswahili, halafu kwa Kibena. Yeye aliitika kwa namna ile yao ya kuvuta pumzi ndani, ambayo huku kaskazini maana yake ni ndiyo.

Alipona. Nyonga ilifanyiwa upasuaji. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto hazikupona, zikakatwa. Nilimwuliza daktari kama ningekwenda saa 2 zingesalimika. Alisema haiwezekani kujua, na nadhani alisema kweli, lakini sikuuliza ili nijue. Nilitaka aniambie hapana.

Baadhi ya wenzangu wa kazini niliowasimulia walishangaa kwamba niliichukua kanuni ile namna hiyo. Mmoja akasema, "Lakini kila mtu anajua kwamba kijijini bila moshi unakwenda." Kila mtu anajua! Nilikasirika kwa siku kadhaa. Kanuni walinipa, ila kile kinachoivunja hawakunipa, kwa kuwa hawakujua kwamba wao wenyewe wanacho. Na mimi nilikuwa nacho nilipokuja, tena cha kutosha, nikakiweka sandukuni pamoja na masweta.

Mzee alirudi nyumbani mwishoni mwa Machi. Wilaya ilimpa watu wa kumhudumia. Aliwakubali majuma matatu akawafukuza, na nasema wazi kwamba alikosea. Hakuniambia ahsante. Asubuhi moja ya Aprili, ziwa likiwa bado na barafu nene, nilikuta mfuko wa plastiki umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wetu, na ndani yake samaki watano waliokwisha parwa magamba. Mtu mwenye fimbo mbili, vidole vitatu vizima mkono mmoja, alikuwa amekwenda kukaa juu ya ziwa na kuvua kwenye tundu. Nilitaka kumgombeza. Mke wangu akanikataza, akawakaanga.

Tulipatana jambo moja, kwa maneno machache sana. Ikifika saa moja asubuhi huwasha taa ya dirisha la jikoni linaloelekea kwetu, hata siku ambazo hataki moto. Nami huwasha ya kwetu. Kuni zake humbebea mimi Jumamosi, zangu mwenyewe, kavu za miaka miwili, na hivyo deni langu la mwaka wa kwanza limelipwa mara nyingi, ingawa hatujalitaja.

Juzi nilimwendea bila kupiga simu. Alinifungulia, akanitazama mimi, akatazama saa ya ukutani, akasema kwamba ningepiga simu angekuwa amekwisha chemsha kahawa. Kisha akaenda kuchemsha.